Maisha ya James Chuma, Mnyapara wa Misafara

Mimi nilisoma katika shule hii yetu miaka michache iliyopita, na sasa ni mwanachuo wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha biashara huko Dar es Salaam. Mhariri wa gazeti hili ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja maarufu wa zamani, nami nimemchagua James Chuma, aliyefariki Unguja mwaka 1882. Huenda baadhi yenu mtashangaa, maana mtu huyu hakuwa na duka, wala hakuuza hata kibaba cha chumvi kwa faida yake. Lakini ngojeni kwanza niwaeleze jinsi nilivyofika kwake, kwa kuwa sikumtafuta kwa kupenda. Nilisukumwa na aibu.

Mjomba wangu huuza dagaa na mafuta ya mawese pale Kibirizi. Nilipokuja likizo ya kwanza kutoka chuoni, alifurahi sana kuwa sasa ana mpwa msomi, akanipa kazi ya kumwandikia mnunuzi wake wa Tabora. Basi nikakaa nikaandika barua nzuri, au niliyoidhani mimi kuwa nzuri, yenye salamu ndefu na maneno makubwa ya kitabuni. Nikasema mzigo utaondoka Jumatatu. Sikutaja tarehe, sikutaja idadi ya magunia. Yule mnunuzi akafahamu kuwa ni Jumatatu ya juma la pili, naye alikuwa amesafiri. Magunia yakakaa huko siku nane pasipo mwenyewe kuyachukua, na wakati ule ni wa mvua. Dagaa wakalowa, wakaanza kunuka, na nusu ya mzigo ikatupwa. Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza tu kama huko chuoni twalipa ada ili tufundishwe kuandika namna hiyo.

Niliporudi chuoni tukaanza somo la mawasiliano ya biashara. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtu kabla ya kufungua kinywa au kushika kalamu sharti ajue anasema na nani, huyo mtu anajua nini tayari, na yeye mwenyewe anataka nini kwake. Alitufundisha pia kusikiliza, jambo ambalo mimi sikudhani kuwa ni la kufundishwa. Kisha akatupa kazi: kila mmoja asimame mbele ya wenzake dakika kumi, aeleze kwa Kiingereza habari za mtu mmoja wa Afrika ya Mashariki ambaye aliishi kwa ulimi wake. Wenzangu walitaja wafanyabiashara wakubwa, na watatu walimtaja Tippu Tip. Mimi nimelelewa Ujiji, na kila siku nilipokuwa mtoto nilipita karibu na ile miembe ya makumbusho, mahali ziliposimama sanamu za Wazungu wawili wakisalimiana. Nikakumbuka kuwa siku ile hawakuwa wawili tu. Palikuwa na watu waliofasiri, waliobeba na waliokwenda kupokea wageni. Nikamtaka mmoja wao.

Chuma alikuwa Myao, na alizaliwa yapata mwaka 1850 katika nchi za kusini mwa Ziwa Nyasa, ambazo leo ni sehemu ya Malawi. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa imeharibu nchi ile yote. Angali mtoto alikamatwa akauzwa, akafungwa pamoja na wengine, na msururu wao ukaanza safari ya kwenda kuuzwa. Mwezi wa Julai mwaka 1861 msururu mmoja wa namna hiyo ulifika kijiji cha Mbame, karibu na mto Shire, ukakutana na Daktari David Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie wa Misheni ya Universities. Walinzi wakakimbia, na watu 84 wakafunguliwa. Chuma alikuwa mmoja wao, na rafiki yake Wikatani pia. Watoto hawa hawakuwa na kwao pa kurudi, wakalelewa na misheni pale Magomero. Lakini homa na njaa viliiangamiza misheni ile, Askofu mwenyewe akafa Januari 1862, na baada ya miaka miwili wamisionari waliobaki wakahamia Unguja.

Mwaka 1864 Livingstone alikuwa na merikebu ndogo iitwayo Lady Nyassa, naye alitaka kuiuza. Hakutaka kuiuza mahali ambapo ingetumiwa kubebea watumwa, kwa hiyo akaamua kuvuka nayo bahari mpaka Bombay. Merikebu yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya ziwa, si kwa bahari kuu. Waliondoka Unguja mwisho wa Aprili, wakafika Bombay katikati ya Juni, siku 45 baharini, na Chuma na Wikatani walikuwamo. Huko India Livingstone aliwaacha vijana hao katika shule ya Daktari John Wilson, mmisionari kutoka Scotland.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Chuma alikaa katika shule ile kiasi cha mwaka mmoja na nusu tu. Aliingia akiwa kijana wa miaka kama kumi na minne, katika mji mkubwa uliojaa lugha asizozijua. Alisoma Kiingereza, alisoma kuandika, na mwezi wa Desemba mwaka 1865 alibatizwa akapewa jina la James. Mimi nimesoma Kiingereza tangu shule ya msingi, na siku ile niliposimama mbele ya wenzangu magoti yalinitetemeka. Nilijiuliza kwa nini huyu aliweza katika muda mfupi namna ile. Jibu nililolipata, na mwalimu wangu hakulikataa, ni kwamba Chuma alikuwa na haja. Lugha kwake haikuwa mtihani. Tangu utotoni maisha yake yalikuwa mikononi mwa watu wa lugha ngeni, na asiyewaelewa alikuwa hatarini.

Januari 1866 Livingstone alirudi Unguja kuanza safari yake ya mwisho, akiwachukua Chuma na Wikatani, na pamoja nao vijana wengine kutoka shule ya Nasik huko India. Alikuwapo pia Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, ambaye jina lake halitengani na la Chuma. Walishuka pwani ya kusini, wakafuata mto Ruvuma kuelekea bara. Wikatani aliwakuta jamaa zake njiani akabaki. Wale Wakomoro waliokuwamo katika msafara walitoroka mwezi wa Septemba, wakarudi Unguja na habari za uongo kwamba Daktari ameuawa. Chuma na Susi hawakutoroka.

Ningependa kuandika kwamba hawakumwacha kamwe, lakini haikuwa hivyo. Mwaka 1868 Livingstone alipotaka kwenda kuliona Ziwa Bangweulu, watu wake wengi walichoka wakakataa, na Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa waliokataa. Daktari akaenda na watu watano tu. Aliporudi aliwapokea tena bila kisasi. Niliposoma jambo hili darasani, mwenzetu mmoja alisema kuwa linaharibu sifa ya Chuma. Mimi naona linamfanya awe mtu.

Sasa tufike kwetu. Tarehe 14 Machi 1869 msafara uliingia Ujiji, Daktari akiwa mgonjwa mahututi, amebebwa kwa machela sehemu kubwa ya njia na kuvushwa ziwa kwa mitumbwi. Ujiji ya siku zile ilikuwa gulio la watu wa kila namna. Waha walileta chumvi ya Uvinza, mbuzi na nafaka, wavuvi walileta samaki na dagaa, mafuta ya mawese yalikuja kwa mitumbwi, na Waarabu na Waswahili walileta nguo, wakichukua pembe za ndovu na, kwa bahati mbaya, watu. Fedha yao ilikuwa ushanga ulioitwa sofi, uliofanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Asubuhi walikaa watu sokoni wenye kubadilisha, ukawapa nguo au ushanga mwingine wakakupa sofi, na jioni wenye sofi wakaja tena kubadilisha. Nadhani hata benki zetu za leo zingestaajabu. Tena kila nchi ilikuwa na rangi yake ya ushanga iliyoipenda. Msafara uliochukua rangi isiyotakiwa mahali fulani uliweza kulala njaa huku umebeba mizigo mizima ya mali. Basi kazi ya kijana kama Chuma ilikuwa kuuliza mapema: huko tuendako wanapenda nini? Wanataka merikani au kaniki? Nani mtawala, na nani mwenye kusikilizwa naye?

Kutoka Ujiji walikwenda Manyema, wakakaa huko miaka miwili. Julai 1871 Daktari aliona watu wakiuawa ovyo katika soko la Nyangwe, akavunjika moyo, akarudi. Walipoingia Ujiji mwezi wa Oktoba walikuta kwamba mtu aliyeachiwa bidhaa zote alikuwa ameziuza. Hakuna nguo, hakuna ushanga. Daktari alikuwa maskini katika mji wa biashara.

Siku chache baadaye ndipo alipokuja Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, na msafara wake ukipiga bunduki kuteremka mlimani. Maneno aliyosema chini ya mwembe kila mtoto wa Ujiji ameyasikia hata yamemchosha, nami sitayarudia. Lakini kabla ya maneno hayo yalitangulia mengine. Susi alimkimbilia mgeni akamsalimu kwa Kiingereza, na Stanley akashtuka kusikia lugha yake mwenyewe katikati ya umati. Kisha akaja wa pili, naye akasalimu kwa Kiingereza, akajitaja kuwa ndiye Chuma. Stanley akamwuliza kama Daktari ni mzima, na Chuma akamjibu kwa adabu kwamba si mzima sana. Yaani yu hai, lakini si mzima. Katika jibu fupi namna hiyo mgeni alipata yote aliyoyahitaji, wala hakuna lililozidishwa. Mimi katika barua yangu ya dagaa niliandika kurasa mbili, na mwenye kuisoma hakujua siku.

Mwisho wa mwaka huo Stanley na Livingstone walikwenda kwa mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kuwa mto Rusizi waingia ziwani wala hautoki. Kisha wote wakaenda Unyanyembe, karibu na Tabora, na Stanley akaendelea pwani Machi 1872. Akiwa Unyanyembe Chuma alioa mwanamke aitwaye Ntaoeka. Agosti wakafika watu wapya waliotumwa na Stanley, na miongoni mwao Jacob Wainwright, kijana mwingine aliyesoma Nasik, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote. Wakaondoka kwa mara ya mwisho, wakafuata ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kwenda kusini, wakaingia katika mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua kubwa. Huko, katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa ni nchi ya Zambia, Livingstone alikufa mapema mwezi wa Mei mwaka 1873.

Waliobaki walikuwa watu weusi watupu, mbali na pwani kwa safari ya miezi mingi, na maiti ya Mzungu mikononi mwao. Wangeweza kuizika wakaenda zao. Nani angewalaumu? Lakini walifanya shauri, wakawachagua Susi na Chuma kuwa wakubwa wao, wakakata neno kuichukua maiti mpaka Unguja.

Shida ya kwanza ilikuwa mtawala Chitambo. Katika nchi nyingi mgeni akifa huja madai makubwa ya fidia, na mali yote ya msafara huweza kutwaliwa. Basi Chuma alikwenda kwa Chitambo akaomba ruhusa ya kujenga nje ya kijiji, pasipo kutaja kifo. Ruhusa ikatolewa. Lakini baadhi ya wenzao walipokwenda kununua chakula wakaisema siri, na Chitambo akaja mwenyewe kumwuliza Chuma kwa nini hakumwambia kweli. Wasomaji, hebu fikirini mko mahali pa Chuma. Angeweza kuendelea kukana. Yeye alikiri papo hapo, akaeleza hofu waliyokuwa nayo. Chitambo akawaambia kuwa yeye amewahi kusafiri, amefika pwani, anajua mioyo ya wasafiri, wasiogope. Aliwashauri wazike pale pale kwa kuwa njia ni ndefu, lakini walipokataa kwa upole hakuwazuia. Siku iliyofuata alikuja na wake zake na watu wake kwa maombolezo ya heshima. Katika darasa letu tulibishana nusu saa juu ya jambo hili. Wengine walisema Chuma alikosa kwa kuficha, wengine walisema kwa wakati ule alikuwa na haki. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, kwa sababu naona Chitambo alistahili kuambiwa tangu mwanzo, na wema wake wa mwisho wathibitisha.

Moyo wa Livingstone ulizikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala ya maziko. Maiti ikakaushwa kwa jua siku kumi na nne, ikafungwa kwa nguo, kwa gome la mti na kwa turubai, na safari ikaanza. Wengi wao waliugua njiani na baadhi walikufa. Katika kijiji cha Chawende walikatazwa kuingia, ugomvi ukatokea, mishale ikarushwa, nao wakakitwaa kijiji kwa bunduki na kula chakula cha wenyewe. Hapo ulimi ulishindwa kazi, na sina la kuwatetea.

Waliposikia kwamba kuna Wazungu Unyanyembe waliokuja kumtafuta Daktari, na ya kuwa mwanawe yu pamoja nao, Chuma alitangulia na watu wachache akiwa na barua iliyoandikwa na Jacob. Barua hiyo nimeisoma, na mwalimu wetu sasa huitumia darasani. Ni fupi. Yaeleza kwamba Daktari amekufa, na mahali alipofia. Yaeleza kuwa wameichukua maiti, na kwamba baadhi ya wenzao wamekufa. Kisha yaomba nguo za kununulia chakula kwa sababu wana njaa, na yauliza kama watakapoingia mjini watapewa ruhusa ya kupiga bunduki, na kama ndiyo, basi waletewe baruti. Kiingereza chake kina makosa ya hapa na pale. Lakini hakuna swali ambalo mpokeaji angebaki nalo. Chuma alifika Unyanyembe Oktoba 1873, akamkuta Luteni Cameron. Yule mwana wa Livingstone hakuwapo, maana alikuwa amerudi zamani.

Cameron alishauri kwamba maiti izikwe huko huko, kwa kuwa mbele ni hatari. Yeye alikuwa ofisa wa Kiingereza, nao walikuwa wapagazi na watumishi waliochakaa nguo. Walimsikiliza, wakamjibu kwa heshima kwamba hawawezi, na neno lao halikubadilika. Cameron akawaacha waendelee. Kukataa shauri la mkubwa pasipo kumtukana ni kazi ngumu, na chuoni huwekewa mafunzo ya siku nzima.

Huko Kasekera watu walipata habari kuwa mzigo ule ni maiti, wakaapa haitapita. Wakina Chuma wakatangaza kuwa wamekubali kuirudisha Unyanyembe kuzikwa. Usiku wakaifungua, wakaifunga upya kama mtumba wa nguo za biashara. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayaviringa nguo mpaka yakafanana na maiti, na watu sita wakaondoka nayo kurudi nyuma kwa huzuni nyingi. Walipofika mbali wakayatawanya mabua porini, wakazunguka kuwafuata wenzao. Mtumba wa nguo ukapita Kasekera mchana kweupe kama bidhaa nyingine yoyote. Hila ilikuwa, sikatai, na darasa zima lilicheka niliposimulia, hata nami nikasahau kuogopa Kiingereza.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Maiti ikachukuliwa kwa merikebu, ikazikwa London katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Katika wote walioibeba, aliyekuwapo siku hiyo ni Jacob Wainwright peke yake, aliyepelekwa kwa gharama ya wamisionari. Chuma na Susi walilipwa mishahara yao Unguja wakaambiwa kazi imekwisha. Jambo hili laniuma kila nilisomapo. Baadaye James Young, rafiki tajiri wa Livingstone, aliwalipia nauli, wakafika Uingereza maziko yakiwa yamepita.

Hata hivyo safari yao haikuwa bure. Mchungaji Horace Waller alikuwa akitengeneza daftari za Livingstone kuwa kitabu, na daftari hizo zilikoma siku chache kabla ya kifo. Habari zote za siku za mwisho, za kukausha maiti na za safari ya kurudi, zilitoka vinywani mwa Chuma na Susi. Walikaa na Waller wiki nyingi, wakajibu maswali, wakaeleza mito na milima kwa mpangilio, wakatengeneza mfano wa kibanda kile cha Chitambo. Kitabu kilitoka mwisho wa mwaka ule ule wa 1874. Yule kijana aliyeingia shule ya Bombay pasipo neno moja la Kiingereza alikuwa sasa, miaka kumi baadaye, shahidi ambaye wasomi wa Uingereza walimwandika kila alisemalo. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilitengeneza medali 60 za fedha kwa wote waliokuwa katika msafara ule, lakini zilipofika Unguja wengi walikuwa wametawanyika.

Baada ya hapo Chuma alifanya kazi yake yenyewe, yaani unyapara wa misafara. Aliiongoza misafara ya Misheni ya Universities, akaenda na Askofu Edward Steere mpaka kwa Mataka mwaka 1875, na mwaka 1876 akawasaidia watu walioachwa huru kutoka utumwani kwenda kukaa Masasi. Mnyapara wa siku zile ndiye aliyeandika wapagazi, aliyepatana nao ujira, aliyehesabu mizigo, aliyesuluhisha magomvi ya jikoni, na mbele ya kila mtawala yeye ndiye aliyesimama kupatana hongo. Hongo haikuwa rushwa kama tunavyolitumia neno leo. Ilikuwa ushuru wa kupita, na haikuwa na bei iliyoandikwa popote. Ukitoa haraka, mtawala huona una mali, akaongeza. Ukibana sana, hukasirika, na msafara hukaa siku kumi pasipo ruhusa ya kuchota maji. Mambo yote yalitegemea mazungumzo. Chuma alijua lugha nyingi za bara, na pale asipojua lugha alijua adabu.

Mwaka 1879 Chama kile cha Jiografia kilimtuma Keith Johnston kutafuta njia kutoka Dar es Salaam mpaka Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Chuma akaajiriwa kuwa mnyapara wa watu kama 150. Waliondoka Mei. Kabla ya mwisho wa Juni Johnston akafa kwa ugonjwa wa kuhara pale Behobeho. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, ambaye hakuwahi kusafiri Afrika. Chuma angeweza kumdharau, au kumtawala. Alimfundisha kazi. Thomson mwenyewe baadaye aliandika kumsifu Chuma kwa bidii yake, kwa ufasaha wake, na kwa mizaha aliyowafanyia wapagazi mpaka wakasahau uchovu. Aliongeza pia kwamba alipenda kutia chumvi katika hadithi zake, nami naliamini hilo, maana sijaona bado msemaji hodari asiyefanya hivyo.

Mwezi wa Novemba mwaka ule wakafika kusini ya Ziwa Tanganyika. Thomson akachukua watu wachache kwenda kaskazini kwa ng'ambo ya magharibi mpaka mto Lukuga, na sehemu kubwa ya msafara pamoja na mali ikabaki kambini chini ya Chuma. Waliporudi pwani katika mwaka 1880, karibu wapagazi wote walikuwa hai. Kwa safari za zama zile hilo lilikuwa jambo la ajabu, na Chuma alikuwa na sehemu yake kubwa.

Hakuishi sana baada ya hapo. Alishikwa na kifua kikuu, akafa Unguja mwaka 1882, umri wake ukiwa umepita kidogo miaka thelathini. Susi alimzidi kwa miaka tisa.

Hayo ndiyo niliyoyasoma mbele ya wenzangu. Dakika kumi zilipita zikawa kumi na tano, na mwalimu alinikata alama kwa kosa hilo, kwa haki. Likizo iliyofuata nilikuja Kibirizi, nikamkuta mjomba ana magunia arobaini ya kupeleka Tabora kwa mnunuzi yule yule. Hakunipa kalamu. Ilinibidi kuiomba. Nikamwuliza kwanza mnunuzi amekwishajua nini, bei ilipatanwa lini, na nani atapokea mzigo kama yeye hayupo. Kisha nikaandika mistari sita, nikamsomea. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akauliza salamu ziko wapi. Tukaongeza salamu mstari mmoja, tukaweka tarehe.